Kwenda Ullr Fest, Breckenridge: Mwongozo kwa Mgeni wa Theluji

Kila Desemba wakazi wa Breckenridge, mji mdogo ulio ndani ya Milima ya Rocky jimboni Colorado, Marekani, huvaa kofia zenye pembe, hujitupia manyoya mabegani, huteremka barabara kuu kwa gwaride, na kwa sauti moja humwomba Ullr awaletee theluji. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili walioko Marekani, hasa wale wa Denver na Aurora ambao mji huo uko safari ya saa mbili tu kutoka mlangoni mwao, na kwa yeyote anayekusudia kusafiri kutoka Afrika Mashariki ili aione kanivali ya majira ya baridi kwa macho yake. Ninalotaka lieleweke mapema ni kwamba hii ni sherehe ya mji unaoishi kwa theluji kama mkulima anavyoishi kwa mvua, na mgeni anayeifurahia kweli ni yule aliyekwisha kumjua anayeombwa, tena akauandaa mwili wake kwa mwinuko na baridi kabla ya kufika.

Hatua ya 1: Mjue Ullr kabla hujavaa pembe

Jina lake linatamkwa karibu na "Ula", kwa kukaza silabi ya kwanza. Ni mmoja wa miungu ya kale ya watu wa Skandinavia, na habari zake zilizobaki ni chache. Snorri Sturluson, mwanachuoni wa Iceland aliyeandika mnamo 1220, anasema kwamba Ullr ni mwana wa Sif na mtoto wa kambo wa Thor, kwamba ni hodari wa upinde na wa kuteleza kwa ski, yaani mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, kiasi cha kukosa mshindani, na kwamba watu waliokuwa wakienda kupigana ana kwa ana walimwita awasaidie. Mashairi ya kale yanasema makao yake yaliitwa Ýdalir, yaani mabonde ya ule mti mgumu ambao mbao zake zilitengenezewa pinde, na mahali pengine tunasoma kwamba watu waliapa kwa pete ya Ullr. Majina ya mahali huko Norwei na Uswidi, kama vile Ullevål, Ullensaker na Ulleråker, huonyesha kwamba zamani aliheshimiwa kuliko hadithi hizi chache zinavyodokeza, na nembo ya wilaya ya Ullensaker hadi leo inamwonyesha akiwa juu ya ski zake.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba hakuna mahali katika masimulizi hayo paliposemwa kuwa Ullr ndiye anayeangusha theluji. Sifa hiyo amepewa na watelezaji ski wa zama zetu, ambao walihitaji mtu wa kumwomba na wakamkuta yeye, mwenye ski na upinde, akiwa tayari. Siioni kama kasoro. Kwetu pia tambiko la mvua limebadilika kila lilipohama kutoka bonde moja hadi jingine, na watu waliolitenda hawakuwa waongo. Walikuwa na mashamba yaliyokauka.

Breckenridge nayo ilikuwa na shamba la aina hiyo. Mji ulianzishwa 1859 na watafutaji wa dhahabu. Miaka michache baadaye mhubiri wa Kimethodisti, John Lewis Dyer, alikuwa akivuka milima hiyo akibeba barua huku ametelezea mbao ndefu za mtindo wa Kinorwei, kwa hiyo ski ilifika huko zamani kabla haijawa mchezo wa watalii. Mashine kubwa zilizochimbua mto kutafuta dhahabu zilisimama 1942, na zikaacha kando ya Mto Blue marundo ya mawe ambayo bado unayaona ukiingia mjini. Watu wakahama, nyumba zikabaki tupu. Uhai ulirudi Desemba 1961, kampuni ya mbao kutoka Kansas ilipofungua uwanja wa ski mlimani, na miongoni mwa waliousimamisha walikuwa Wanorwei wawili, Trygve Berge na Sigurd Rockne. Mwaka 1963 ikaanzishwa siku iliyoitwa Ullr Dag, yaani Siku ya Ullr, na ndiyo iliyokua ikawa Ullr Fest ya leo. Wanorwei walikuwa wamekwisha kuonyesha njia hiyo Colorado: katika mji wa Steamboat Springs, kanivali ya baridi iliyoanzishwa na Carl Howelsen, naye mzaliwa wa Norwei, imekuwapo tangu 1914.

Msomaji Mwislamu au Mkristo atauliza, na ana haki ya kuuliza, kama kushiriki sherehe hii ni kuabudu mungu mwingine. Ninavyoiona, hakuna madhabahu, hakuna kuhani, wala hakuna anayetakiwa kukiri imani yoyote. Ullr anaimbwa na kuigizwa kama mhusika wa ngano, na Wakristo wa mji huo huandamana naye siku moja na kwenda kanisani siku nyingine. Hata hivyo kila mtu ana dhamiri yake. Anayetaka kutazama gwaride bila kuitikia jina la Ullr anaweza kufanya hivyo, na hakuna atakayemshangaa.

Hatua ya 2: Panga tarehe na malazi mapema

Kwa miaka mingi sherehe ilikuwa Januari, lakini miaka ya karibuni imehamia Desemba, kabla ya Krismasi, na huchukua siku kadhaa. Kwa sababu hiyo usimtegemee rafiki aliyekwenda miaka kumi iliyopita. Soma ratiba ya mwaka husika inayotolewa na mji wenyewe, uone gwaride ni siku gani na saa ngapi, kwa sababu hilo ndilo kiini cha sherehe na mipango yako yote itazunguka hapo.

Vyumba vilivyo karibu na barabara kuu, Main Street, hukodishwa kwa bei kubwa na huisha upesi. Kwa familia, nashauri kupanga nyumba yenye jiko katika mji wa jirani kama Frisco, ulio takriban kilomita 15 kaskazini, kisha mpande basi la umma. Mabasi ya wilaya ya Summit hayatozi nauli, na ndani ya Breckenridge kwenyewe yapo mengine ya bure, kwa hiyo siku ya gwaride hakuna haja ya kuhangaika na maegesho.

Hatua ya 3: Uandae mwili kwa mwinuko

Hapa ninaomba usome taratibu, kwa kuwa hii ndiyo hatua ambayo wageni huiruka na kisha kuulaumu mji. Breckenridge iko mita 2,926 juu ya usawa wa bahari. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu atanielewa haraka nikimwambia kwamba atalala juu kidogo kuliko kambi ya Mandara, na kwamba akipanda lifti ya mwisho ya uwanja wa ski, yaani viti vya kebo vinavyowapandisha watelezaji mlimani, inayofika mita 3,914, atakuwa amepita kimo cha kambi ya Horombo. Tofauti ni kwamba Kilimanjaro unapanda kwa miguu na mwongoza njia anakuambia "pole pole", ilhali huku gari linakupandisha kwa saa mbili na hakuna wa kukuambia neno.

Katika kimo hicho kila pumzi inakupa oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 30 ikilinganishwa na pwani. Dalili za kawaida ni kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi wa mang'amung'amu na kuishiwa pumzi kwa kupanda ngazi tu. Kama unatoka Mombasa, Dar es Salaam au mji wowote wa bondeni, lala Denver usiku mmoja au miwili kwanza, kwani Denver iko mita 1,600 na mwili hupata nafasi ya kuzoea. Ukifika juu, siku ya kwanza tembea tu, kunywa maji mara kwa mara hata kama huna kiu, kula vyakula vya wanga, na pombe iache kabisa kwa siku mbili za mwanzo. Kichwa kikiuma na kikakataa kutulia, au mtu akianza kuyumba, kukohoa na kukosa pumzi hata akiwa ameketi, dawa ya kweli ni kumteremsha chini na kumpeleka hospitali bila kungoja kupambazuke.

Liko pia jambo linalotuhusu sisi zaidi kuliko watalii wengine, na sijaona likielezwa inavyostahili. Ugonjwa wa seli mundu umeenea katika familia nyingi za Afrika Mashariki na Kongo, na upungufu wa oksijeni wa milimani unaweza kuamsha maumivu makali kwa mgonjwa. Mwenye ugonjwa huo asipande kabla ya kuonana na daktari wake. Hata mtu aliyerithi chembe moja tu ya urithi wa ugonjwa huo kutoka kwa mzazi mmoja, ambaye maisha yake yote hajaumwa, anaweza, ingawa ni nadra, kudhurika bandama akiwa kwenye mwinuko kama huu. Maumivu makali ya ghafla upande wa kushoto, chini ya mbavu, si ya kuvumilia. Kama hujui hali yako, kipimo chake ni cha damu tu, na ni vema kukifanya kabla ya safari.

Kuhusu jiko: maji ya Breckenridge huchemka kwenye nyuzijoto 90 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage yaliyozoea kuiva kwa saa mbili yatakutoa jasho. Ukikusudia kupika nyumbani, yaloweke usiku kucha na utumie sufuria ya presha, au uyapike Denver na kuyabeba yakiwa tayari. Wali nao huhitaji maji na muda zaidi kidogo. Ugali haukatai, ila uuache motoni muda mrefu kuliko ulivyozoea.

Hatua ya 4: Safiri kabla barabara haijakuamulia

Kutoka katikati ya Denver ni kilomita 130 hivi kwa barabara kuu ya I-70 kuelekea magharibi, kupitia handaki la Eisenhower lililo karibu mita 3,400 juu ya bahari, kisha unaiacha barabara hiyo Frisco na kushika njia namba 9 hadi mjini. Siku ya jua ni safari ya chini ya saa mbili; siku ya theluji ya Jumamosi inaweza kuwa mara mbili au tatu ya hapo.

Sheria ya Colorado inataka kila gari linalopita I-70 kati ya Morrison na Dotsero, kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei, liwe na uwezo wa kushika barabara ya theluji: ama liendeshwe kwa magurudumu yote manne, ama liwe na matairi ya theluji au yale yenye alama ya M+S, na kashata za tairi ziwe na kina kisichopungua milimita 5 hivi, la sivyo, dereva awe na minyororo ya kufunga matairini. Ukikodi gari uwanja wa ndege, usiridhike na kauli ya mtu wa kaunta kwamba gari "liko sawa". Inama uyaangalie matairi mwenyewe, na ukiona yamelika, omba jingine hapohapo kabla hujatia saini. Ndani ya gari weka blanketi, maji, vitafunwa, tochi na koleo dogo, na tangi lisishuke chini ya nusu.

Kwa mtu ambaye hajawahi kuendesha kwenye theluji, rai yangu ni kwamba wiki ya sherehe si wakati wa kujifunza. Mabasi madogo ya abiria huondoka uwanja wa ndege wa Denver kwenda Breckenridge kila siku, na nauli yake ni nafuu kuliko gari lililopigwa ubavu.

Hatua ya 5: Vaa kwa tabaka

Katikati ya Desemba jua huzama karibu saa kumi na moja kasorobo jioni, na milima hulificha mapema kuliko hapo. Jua likishaondoka baridi hushuka kama pazia, hadi nyuzijoto 15 chini ya sifuri na pengine zaidi. Gwaride halipiti mbio. Utasimama kando ya barabara saa nzima au zaidi bila kujongea, na kusimama ndiko kunakoumiza kuliko kutembea.

Nguo ya kwanza, inayogusa ngozi, iwe ya sufu laini au ya nyuzi za michezo, juu na chini. Pamba iache, kwa sababu hunyonya jasho na kukaa nayo, na jasho lililopoa ni baridi ya pili inayokungoja ndani ya nguo. Juu yake vaa sweta nene ya sufu au ya manyoya ya bandia, kisha koti lisilopitisha upepo wala maji, lenye kofia. Suruali ya jinzi pekee haitoshi. Juu ya ile ya ndani vaa suruali ya theluji, ambayo maduka ya mitumba ya Denver huuza kwa bei ndogo. Buti ziwe kubwa kidogo kuliko kipimo chako, soksi nene jozi moja, maana soksi mbili ndani ya buti linalobana huzuia damu na vidole hufa ganzi upesi. Wanaovaa hijabu au kilemba wana faida hapa, mradi kitambaa kiwe cha sufu na masikio yafunikwe.

Watoto wavalishe mitini, yaani glavu zisizo na vidole, kwa sababu vidole vikikaa pamoja hupashana joto, na uzifunge kwa kamba inayopita ndani ya mikono ya koti kwani lazima wataziangusha. Kila baada ya dakika ishirini mvue mtoto mitini moja umguse ncha za vidole kwa kiganja chako. Zikiwa baridi lakini anazihisi, ingizeni mikono yake kwapani mwako, chini ya koti. Akisema hazihisi tena, ondokeni barabarani mwingie ndani. Vitabu vingi huelekeza kutafuta wekundu au weupe wa ngozi, lakini kwenye ngozi nyeusi dalili ya kuganda huonekana kama doa la kijivu, lililopauka kama majivu, na ngozi ya hapo huwa ngumu. Usisugue mahali hapo, na kamwe usipake theluji. Pasha joto taratibu kwa mwili wa mtu au maji ya vuguvugu.

Hewa ni kavu sana. Mafuta mazito ya mgando usoni na midomoni yapakwe kabla ya kutoka, na mchana vaa miwani ya jua, kwani theluji hurudisha mwanga machoni kama kioo.

Hatua ya 6: Tengeneza kofia ya pembe nyumbani

Nianze na ukweli wa historia: mabaharia wa Skandinavia waliotisha pwani za Ulaya hawakuvaa kofia zenye pembe. Kofia ya chuma iliyofukuliwa Gjermundbu, Norwei, mwaka 1943, ambayo ni miongoni mwa chache sana za zama hizo zilizobaki karibu kamili, haina pembe hata moja. Picha iliyomo vichwani mwetu ilitoka jukwaani, kwa mavazi ambayo Carl Emil Doepler aliyabuni kwa ajili ya opera za Richard Wagner huko Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876. Breckenridge imeikumbatia picha hiyo kwa furaha, kwa hiyo asiyevaa pembe siku ya gwaride ndiye anayeonekana mgeni. Kofia za plastiki zinauzwa, lakini ile uliyoitengeneza na watoto mezani ina thamani nyingine kabisa, na haihitaji zaidi ya boksi moja kubwa, boksi jembamba la nafaka ya asubuhi, magazeti, stepla, utepe mpana wa gundi wa rangi ya fedha, na kipande cha manyoya ya bandia.

Mvalishe mtoto kofia ya sufu atakayokuwa nayo barabarani, ndipo umpime mzunguko wa kichwa juu yake. Kosa la kupima kichwa kitupu ndilo linalofanya kofia nyingi zibebwe mkononi. Ongeza sentimita 2, kata ukanda wa boksi wenye upana wa sentimita 6, uuzungushe na kuubana kwa stepla. Kata kanda mbili nyembamba zaidi, zipitishe juu ya utosi zikikatana, na ncha zake uzibane kwenye ule ukanda wa kwanza. Sasa una kiunzi kama cha kapu lililopinduliwa. Kata vipande vyenye umbo la pembetatu uvijaze kwenye nafasi nne zilizobaki, kisha funika kote kwa utepe, ndani na nje, usiache boksi lililo wazi, kwa kuwa theluji ikitua na kuyeyuka boksi hulainika kama uji.

Pembe ndizo zenye kazi. Kunja boksi jembamba liwe koni yenye urefu wa sentimita 25 hivi, ulibane kwa utepe, na ulijaze gazeti lililofinyangwa, kwanza vipande vidogo hadi nchani, kisha vikubwa. Ukiwa bado hujajaza kabisa, ipinde koni polepole kwenye goti lako; itakunjamana upande wa ndani, na mikunjo hiyo ndiyo itakayoipa sura ya pembe ya kweli ya fahali. Kata kitako chake vichane vya sentimita 3 na uvifungue kama petali za ua. Toboa tundu kila upande wa kofia, juu kidogo ya sikio, pitisha pembe kutokea ndani ili vichane vibaki ndani, vibane kwa stepla na kuvifunika kwa utepe ili visimkwaruze mtoto. Malizia kwa kuzungusha manyoya ukingoni, lakini yashone kwa uzi. Gundi ya utepe hulegea katika baridi kali, na mapambo yaliyobandikwa tu huanguka kabla gwaride halijafika katikati. Usisahau kamba ya kufunga chini ya kidevu.

Hatua ya 7: Siku ya gwaride

Fika Main Street saa nzima kabla. Tafuta upande wenye duka au mkahawa nyuma yako, ili mwenye baridi aweze kuingia kunywa chai ya moto na kurudi. Watoto wasimame mbele, lakini nyuma ya ukingo wa njia, kwa maana magari yaliyopambwa ni makubwa na barabara inateleza.

Utawaona mfalme na malkia wa Ullr waliotawazwa mwaka huo, makundi ya wafanyakazi wa mji, wanafunzi, na familia nzima zilizovaa manyoya kutoka kwa bibi hadi mjukuu. Kupiga kelele kunaruhusiwa, na kwa kweli kunatakiwa. Wenyeji wataita jina la Ullr, umati utaitikia, na mtu aliyekulia kwenye ngoma atagundua kwamba mwitiko huo anaujua tayari, ni lugha tu iliyobadilika. Baada ya gwaride kwa kawaida huwashwa moto mkubwa wa kuni. Usikaribie sana ukiwa na koti la nailoni, kwani cheche moja hutosha kulitoboa.

Sherehe hii pia inajulikana kwa ubao wa ski unaobandikwa vikombe vidogo vya kinywaji, watu wakajipanga mstari, wakauinua na kunywa kwa pamoja. Breckenridge huunganisha ski nyingi mfululizo barabarani, na mstari umewahi kuzidi watu 1,000, wakishindana na mji wa Park City, Utah, kuwania rekodi. Kinachonywewa ni pombe kali, wanaoruhusiwa ni wa miaka 21 na kuendelea, na kitambulisho hukaguliwa. Kwa wasiokunywa, kuutazama mstari huo ukiinuka kwa mkupuo mmoja kunatosha kabisa.

Neno moja kwa wasio raia. Bangi inauzwa madukani Colorado kwa sheria ya jimbo, na utayaona maduka yake, lakini sheria ya taifa la Marekani bado inaikataza, na mhamiaji anayekiri kuitumia, hata alipoinunua dukani na kupewa risiti, anaweza kuharibu ombi lake la ukaazi au la uraia.

Hatua ya 8: Jaribu ski, kisha uondoke kwa wakati

Kesho yake, kama mwili umetulia, chukua somo la nusu siku la wanaoanza. Usifundishwe na rafiki. Mwalimu atakuonyesha kwanza jinsi ya kusimama, na hicho ndicho unachokihitaji. Ada ya somo na tiketi ya lifti ni kubwa, na hupungua kwa anayenunua mapema. Asiyetaka kuteremka mlima anaweza kujaribu ski za tambarare, zile alizokimbilia Philip Boit, Mkenya aliyefunzwa Finland na kushindana katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Boit alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10, karibu dakika ishirini nyuma ya mshindi, na mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimngoja kwenye mstari wa mwisho ili amkumbatie. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Jumapili alasiri I-70 kuelekea Denver hujaa tangu Frisco hadi ng'ambo ya handaki, kwa hiyo ondoka kabla ya saa nne asubuhi au ungoja hadi usiku uingie. Mkifika nyumbani, toa nyayo za ndani za buti zote, jaza magazeti yale yaliyobaki kwenye kazi ya pembe, na uziache wima mbali na jiko, kwa kuwa joto la karibu hupasua gundi yake. Kofia zitundike juu ya msumari, zisilaliwe na kitu. Zikipata utepe mpya kidogo zitafaa Desemba ijayo.